Mpini

Ukiing'oa silabi ya mwisho katika jina la mji huu
kinabaki kisu.
Adero hacheki tena nikisema hivyo.
Miaka kumi na minne ananiuliza:
visu ishirini na vitatu,
na kitunguu nikate kwa kipi?

Vinalala ndani ya kopo la biskuti, juu ya kitambaa cha flana,
vyote vya kukunja, vyote vimefumba mdomo.
Jumapili, Kibuye, jua halijapata nguvu,
napita mitumba, napita betri na nyavu,
nachuchumaa pale Nyagilo anapotandaza vyuma kwenye gunia.
Sitazami makali kwanza. Makali hutiwa.
Naushika mpini, nafumba macho.
Wanasema mshika mpini hashindani na mshika makali.
Mimi nimeshika tu. Sishindani na mtu.

Huu ni pembe, una joto kama sikio la ndama.
Huu ni mfupa: umekunywa mafuta, chai na jasho
mpaka ukapata rangi ya meno ya mvuta kiko.
Huu ni mvule; upanguse kwa kidole kilicholowa
na karakana nzima itakujia puani, na randa, na maranda.
Ule mwekundu wa plastiki naurudisha guniani.
Hauna ubaya.
Ila hauna mama.

Mengine huyajui mpaka uishi navyo.
Januari, upepo mkavu ukishuka kutoka Nandi,
pembe husinyaa, ribiti zikachomoza kama chunjua.
Aprili, mvua ikitwanga mabati usiku kucha,
mti huvimba, na kisu kikakataa kufunguka
kama mtu aliyenuna.
Ng'ombe alishaliwa, mti ulishaanguka,
lakini habari za mvua bado zinawafikia.

Mwaka juzi mdudu aliingia koponi,
akala pembe mbili, akaacha vumbi la manjano.
Nilitukana.
Kisha nikaona kishikio cha tupa yangu, plastiki tupu,
hakukionja hata kidogo.
Naye ana macho ya kuchagua.

Kimoja hakikuwa na mpini kabisa:
bapa la baba, alilomenyea miwa Muhoroni,
mkia mtupu wenye matundu mawili.
Mpini ulikwenda na moto, mwaka jiko letu lilipoteketea.
Miaka tisa nililitafutia kinacholifaa.
Nikajaribu mzeituni. Nikajaribu mfupa wa ngamia
ulioletwa na dereva mmoja kutoka Nakuru, umefungwa kwa gazeti.
Kila mpini ulikuwa mzuri,
na kila mpini ulikuwa wa mtu mwingine.

Mwezi uliopita nikaenda Luanda, kwa Lisamula,
mfua chuma anayehesabu maneno kama sarafu,
fimbo ya baba chini ya kwapa langu:
mpera, kichwa chake kimelainishwa
na kiganja kimoja, miaka arubaini.
Akaigeuza, akainusa.
"Nikate wapi?"
Nikaonyesha pale alipokuwa akikaza kidole gumba.
Msumeno ulilia kidogo.
Mimi nikatazama barabara, punda wawili na mkokoteni wa maji.

Sasa kiko mfukoni, si koponi.
Gumba langu linashuka kwenye bonde ambalo sikulichimba,
na linazidi, upana wa punje ya mtama:
kumbe mkono wake ulikuwa mdogo kuliko wangu.
Alipokuwa hai sikulijua hilo.
Nilikuwa naogopa mkono ule.

Mama alipoikuta fimbo nyuma ya mlango
aliipima kwa macho, juu, chini, tena juu.
"Baba yako amekuwa mfupi," akasema,
akatoka nayo kufukuza kuku kwenye mahindi.